Tumechoka na Miji ya Foleni Ulaya, Tushuke Kituo Gani?

Barua

Mwanangu,

Nianze na marahaba kabisa, maana najua utaniamkia. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Tabora, umri wangu miaka 64. Mume wangu alifanya kazi reli miaka 31, akastaafu akiwa stesheni masta. Ukitaka kumjua ni mtu wa namna gani, SGR ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 alifunga safari mpaka Dar ili aipande tu, akarudi analalamika kwamba inakimbia mno, mtu huwezi hata kusoma jina la kituo.

Binti yetu mkubwa ni muuguzi Ujerumani, anakaa Leipzig. Mwaka juzi alitualika mwezi wa Julai. Alijibana akatulipia kila kitu, Mungu ambariki. Lakini ile safari ilitutoa jasho. Venice tulisukumana darajani kama watu wa Mbagala wanaogombea daladala jioni. Prague tulisimama chini ya ile saa ya mnarani, umati mzima umenyanyua simu juu. Simu niliziona, saa sikuiona. Hallstatt, kile kijiji cha ziwani kule Austria, tulikaa saa tatu, na nusu ya muda huo ulikwisha kwenye foleni ya choo na foleni ya boti. Mzee alipovuka ziwa kurudi kwenye stesheni, pale kwenye benchi tupu, akaniambia, "Hapa ndipo pazuri." Katika picha zote za safari ile, hiyo ndiyo pekee anayocheka.

Sasa tumealikwa tena, Septemba yote karibu, majuma matatu. Binti ameshatuma ratiba: miji 11 kwa siku 18. Safari hii anasema ni "miji iliyojificha", kaipata mtandaoni. Nikamwuliza, kama imejificha, mbona orodha yake iko kwa kila mtu? Akanuna.

Nieleze, mji mdogo mtulivu mtu anaupataje kabla hajafika? Ujue pia kwamba goti la Mzee la kulia halielewani na ngazi, na sisi ni Waislamu, chakula kilitusumbua. Je, huko vijijini hatutakodolewa macho? Na binti nimwambieje asione tunamdharau?

Mama Mwajuma, Tabora

Jibu

Shikamoo mama, na Mzee mfikishie shikamoo yake.

Hiyo ratiba ya miji 11 iwekeni kando. Ni kufunga na kufungua begi kila baada ya siku moja na nusu, na mwenye goti bovu ndiye atakayelipia. Nimeishi Ujerumani miaka tisa, na katika likizo zangu zote sijawahi kujuta kulala mahali siku nne. Kulala usiku mmoja nimejutia mara nyingi.

Nianze na Hallstatt, kwa sababu hapo mliuonja utulivu bila kujua. Wakazi wake hawafiki 1,000, na siku za msimu wanapokea wageni kwa maelfu. Lakini wageni hao huja na mabasi kuanzia saa nne asubuhi, na saa kumi na moja jioni wameshaondoka. Nanyi mlikwenda saa zao. Tena reli ile ile mliyopanda haiishii pale: ukibaki ndani ya treni kituo kimoja mbele unashuka Obertraun, ziwa ni lile lile na milima ni ile ile. Ukishuka mapema zaidi, Bad Goisern, unakuta mji wenye duka la mikate na watu wanaokwenda kazini. Basi la watalii linahitaji uwanja wa kuegesha na mahali palipo maarufu. Treni ya polepole inasimama tu, kila baada ya dakika chache, na karibu hakuna anayeshuka.

Kwa hiyo mtu wa kupanga safari hii mnaye nyumbani. Mzee ameishi Tabora, na Tabora ni mji wa njia panda ya reli: gari likitoka Dar linagawanyika hapo, mabehewa mengine Mwanza, mengine Kigoma. Mji wa aina hiyo una karakana, shule, soko, na mama lishe anayewasha jiko alfajiri kwa ajili ya wafanyakazi. Mgeni akija anakaribishwa, asipokuja maisha yanaendelea. Ulaya imejaa miji ya namna hiyo, na haijifichi popote. Imeandikwa kwenye ratiba ya treni, ila watu wengi siku hizi wanatazama picha, ratiba hawaisomi.

Mwambie Mzee aisome kama alivyokuwa akiisoma kazini. Mji wenye treni za abiria tangu saa kumi na moja alfajiri, kila saa au kila saa mbili, ni mji wa wanafunzi na wafanyakazi. Kama treni ni nyingi Jumatatu hadi Ijumaa na zinapungua Jumamosi, hapo wenyeji ndio wanaotawala. Ukiona kinyume chake, treni chache siku za kazi na nyingi wikendi na miezi ya joto, basi reli hiyo inaishi kwa watalii, hata kama mtandaoni wanapaita pamejificha. Kisha aangalie treni ya mwisho ya jioni. Na asishuke chini sana kwa ukubwa: mji wa watu 20,000 hadi 100,000 ndio unaowafaa. Chini ya 5,000 mtakuta mkahawa ni mmoja, na Jumatatu umefungwa.

Ratiba zenyewe zipo kwenye programu ya simu ya reli ya Ujerumani, DB Navigator, nayo inaonyesha treni za karibu Ulaya nzima, si za Ujerumani peke yake. Kama Mzee anapenda karatasi, kuna kitabu cha ratiba za treni za Ulaya kilichoanzishwa na kampuni ya Thomas Cook mwaka 1873, na ingawa kampuni iliacha kukitoa mwaka 2013, wengine walikichukua wakakiendeleza. Binti akitaka kumpa baba yake zawadi kabla ya safari, atafute hicho.

Sasa nipendekeze miji mitatu. Mitatu tu, mama.

Wa kwanza ni Görlitz, mashariki kabisa mwa Ujerumani. Kutoka Leipzig mnapanda treni ya mkoa hadi Dresden, mnabadilisha, mnafika bila hata kugusa treni ya kasi. Mji una watu kama 56,000, na vita vya pili havikuuharibu, kwa hiyo majengo ya karne tano yamesimama mtaa mmoja. Mto Neisse unapita kando, na tangu 1945 huo ndio mpaka: ng'ambo ya daraja la miguu ni Poland, mji wa Zgorzelec. Mtakunywa chai Ujerumani na kununua matunda Poland ndani ya nusu saa.

Lakini kilichonifanya niuchague kwa ajili ya Mzee ni kitu kingine. Mstari wa longitudo wa nyuzi 15 mashariki unapita katikati ya Görlitz. Zamani kila mji wa Ujerumani ulikuwa na saa yake, na reli ndizo zilizochoka na fujo hiyo, maana utapangaje ratiba kama saa sita ya Berlin si saa sita ya Munich? Tarehe 1 Aprili 1893 nchi nzima ikaanza kufuata saa moja, na saa iliyochaguliwa ni ya mstari huo. Kuna jiwe la kumbukumbu bustanini, karibu na ukumbi mkubwa wa mji. Stesheni masta akisimama pale atajua la kufanya. Septemba tofauti yao na Tabora ni saa moja tu, wao wakiwa nyuma.

Wa pili ni Olomouc, Czech. Huu ndio dawa ya Prague. Mnarudi Dresden, mnapanda treni ya kwenda Prague, na hapo kaeni upande wa kushoto kwa sababu mto Elbe utakuwa upande huo, na majabali yake. Prague msishuke zaidi ya kubadilisha treni. Saa mbili na kidogo baadaye mpo Olomouc, mji wa chuo kikuu wenye watu kama 100,000. Tramu inasimama mbele ya stesheni, goti halitalalamika. Nao wana saa yao kubwa ukutani mwa ukumbi wa mji, ila ile ya kale iliharibiwa mwisho wa vita mwaka 1945, na waliposhika wakomunisti ikatengenezwa upya bila watakatifu: wanaozunguka ni wafanyakazi na wakulima. Wengine wanaiona mbaya. Mimi naipenda. Kwenye uwanja huo huo kuna nguzo ya Utatu Mtakatifu, mita 35, iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na mara nyingi unaitazama ukiwa na wapita njia wachache wanaokwenda sokoni. Jibini yao maarufu inanuka kama soksi za mpiga kwata. Msiilete Leipzig kwenye treni.

Wa tatu uko mbali, na ni kwa ajili ya reli yenyewe. Kutoka Olomouc mnakwenda Vienna, kisha Graz, ambako mtalala usiku mmoja. Kipande hicho kinapita juu ya mlima Semmering, reli iliyojengwa kati ya 1848 na 1854, nayo ni urithi wa dunia, Mzee asisinzie. Kesho yake mnapita Maribor na Ljubljana hadi Jesenice, na hapo mnaingia kwenye reli ya Bohinj iliyofunguliwa mwaka 1906. Ni treni fupi inayopita kwenye handaki la mita 6,327, kisha inafika bonde la mto Soča ambao maji yake ni ya rangi ya zumaridi, halafu karibu na mwisho inavuka daraja la Solkan. Tao lake ni la mawe, upana mita 85, na hakuna daraja jingine la reli duniani lenye tao la mawe kubwa kuliko hilo. Lililipuliwa vitani mwaka 1916, likajengwa upya miaka ya 1920. Reli za namna hii hufungwa kwa matengenezo, mkapewa basi badala yake, kwa hiyo kabla ya kulipia chumba binti ahakikishe treni inapita siku hiyo.

Mnashuka Nova Gorica, Slovenia. Uwanja ulio mbele ya stesheni una mstari chini: upande mmoja Slovenia, mwingine Italia. Ua wa chuma uliokuwa pale uliondolewa mwaka 2004. Laleni upande wa Italia, Gorizia, mji wa zamani wenye ngome kilimani. Angalieni tarehe tu: mwishoni mwa Septemba Gorizia ina tamasha la vyakula, Gusti di Frontiera, na siku hizo mji unafurika. Mji mtulivu nao una siku yake ya kupiga kelele, kwa hiyo kila mahali mtakapopanga kulala, tafuteni kwanza kalenda ya sikukuu zake.

Siku zenu zingekwenda hivi: Leipzig usiku nne, Görlitz tano, Olomouc nne, Graz mmoja, Gorizia nne, mmoja njiani kurudi kupitia Udine na Villach, na mbili za kuaga Leipzig. Mpangilio huu una maana kwa viza pia. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwenye ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na hapa ni Ujerumani bila ubishi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti zikae mfukoni, si ndani ya begi: Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na polisi huingia ndani ya treni.

Kuhusu ile tikiti ya kuzunguka Ulaya nzima: ninyi mnaoishi nje ya Ulaya mnauziwa Eurail, binti anayeishi kule anauziwa Interrail, na wenye miaka 60 kwenda juu wanapunguziwa. Lakini ina faida kwa mtu anayesafiri kila siku. Ninyi mtasafiri siku ndefu tano au sita, basi nunueni tikiti moja moja, mapema. Leipzig hadi Görlitz kuna tikiti ya siku ya kikundi inayoitwa Sachsen-Ticket. Siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi, na treni za kasi haiingii.

Goti. Kwenye DB Navigator kuna sehemu ya kuweka muda wa kubadilisha treni. Binti aweke dakika 30, maana mashine ikiachwa yenyewe inakupa dakika saba za kukimbia kutoka jukwaa la 1 hadi la 14. Stesheni ndogo nyingi hazina lifti. Mabegi mawili madogo ni bora kuliko moja kubwa, na mawe ya mitaa ya Görlitz yatavunja magurudumu ya begi la bei rahisi, nimeshavunja mawili.

Chakula: kodini nyumba yenye jiko, msichukue hoteli. Stesheni nyingi za Ujerumani zina duka la kebabu la Waturuki karibu, ila ulizeni, si zote ni halali. Czech kuna samaki, na kuna jibini ya kukaangwa kila mkahawa, ingawa baadhi hukaanga kwa mafuta ya nguruwe, hivyo ulizeni na hilo. Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa, mnunue Jumamosi. Na Gorizia mtafurahi: wanakula polenta, na polenta, mama, ni ugali wa mahindi ya njano. Tofauti ni kwamba wao wanaona fahari kuutoa kwa mgeni.

Kukodolewa macho, sikufichi, kutakuwepo. Görlitz ipo mkoa wa Saxony, ambako chama cha AfD kinachopinga wahamiaji kilipata kura nyingi kuliko vyama vingine kwenye uchaguzi wa Februari 2025. Binti anaishi mkoa huo huo, anajua hali, na kama atasema moyo wake hautaki, msikilizeni, mbadilishe kwa Tábor au mji mwingine wa Czech. Mimi nimekwenda Görlitz mara tatu. Mara moja mtu alihama kiti nilipokaa. Mara moja mama mmoja wa umri wako alinitazama vituo vitatu mfululizo, kisha akafungua mkoba akanipa tufaha. Wasalimieni kwanza, "Guten Tag", kabla hawajaamua wawatazameje. Inasaidia zaidi ya ninavyoweza kueleza. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi msikae stesheni, na ndani ya treni kaeni karibu na mkaguzi wa tikiti.

Imebaki binti. Usimwambie ratiba yake ni mbaya. Ana likizo ya kuhesabu, amejinyima, na kwake kila mji ni kipimo cha jinsi alivyowapenda. Mwambie baba yake ameomba kazi: yeye ndiye atakayepanga treni safari hii, na yeye binti achague mji mmoja mkubwa aupendao, siku moja, hata kama ni Prague tena. Yeye aje wikendi tu, siku nyingine apumzike. Wauguzi huko wanachoka kuliko wanavyosema kwenye simu. Kisha mpigieni binti simu ya video, Mzee akiwa na ratiba mezani, kalamu mkononi, miwani puani, na umwache Mzee aeleze mwenyewe kwa nini Jesenice ni lazima mfike kabla ya saa saba mchana.